Ernst Nobs: Mwalimu Aliyefungwa, Akaja Kuwa Rais

Leo twende Uswisi, tukamwone mtu ambaye wengi wetu hatujawahi hata kumsikia.

Ernst Nobs alizaliwa mwaka 1886 huko Seedorf, jimbo la Bern. Alisomea ualimu, akafundisha shule ya msingi miaka kadhaa, halafu akaacha chaki akashika kalamu. Mwaka 1915 akajiunga na Volksrecht, gazeti la wafanyakazi la Zürich, akalihariri kwa miaka 20.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Uswisi haikupigana, lakini maisha yalikuwa magumu kweli. Bei za vyakula zilipanda mno. Akina baba walikuwa mpakani wanalinda nchi, na huku nyumbani mshahara hakuna. Novemba 1918 wafanyakazi wapatao 250,000 wakagoma. Madai yao yalikuwa tisa, na ukiyasoma leo unashangaa: kazi isizidi saa 48 kwa wiki, wanawake wapige kura, wazee wawe na bima. Eti hayo ndiyo yalikuwa ya kutisha! Serikali ikatoa jeshi. Siku ya tatu mgomo ukaisha, na pale Grenchen wafanyakazi watatu walikuwa wamepigwa risasi wakafa.

Viongozi wakapelekwa mahakama ya kijeshi. Robert Grimm na wengine wawili wakapata miezi sita, Nobs wiki nne. Ni kifungo kifupi, sawa, lakini kwa mwalimu wa zamani kuitwa mfungwa si jambo dogo.

Ujanani alisimama upande wa kushoto kabisa wa chama chake cha Demokrasia ya Kijamii, wakati Lenin mwenyewe akiishi Zürich. Baadaye akaachana na habari za mapinduzi, akachagua njia ya kura na vikao. Njia hiyo haina shangwe, jamani! Bima ya uzeeni iliingizwa kwenye katiba mwaka 1925. Sheria yake ilipoletwa kwa wananchi mwaka 1931, wakaikataa. Nobs alikuwa bungeni tangu 1919, akayaona yote hayo.

Mwaka 1942 akawa meya wa Zürich. Tarehe 15 Desemba 1943 bunge likamchagua kuingia serikalini, kwenye lile baraza la watu saba tu. Lilikuwa limekaa miaka 95 bila kumkubali hata mtu mmoja wa chama chake. Akapewa wizara ya fedha, yaani madeni ya vita nyingine. Julai 1947 wananchi wakapiga kura tena, safari hii bima ikapita kwa kishindo, na Januari 1948 ikaanza kazi. Mwaka 1949 ikawa zamu yake ya urais, maana kule kila rais ni wa mwaka mmoja.

Alistaafu 1951, akafariki 1957. Dai la kura kwa wanawake hakuliona likitimia. Wanaume wa Uswisi walilikubali mwaka 1971.