Robert Koch: Daktari aliyemfuata papasi hadi kwetu, na kosa la kuamsha kinga

Papasi, yule kupe wa kwenye nyufa za nyumba za udongo, alishawahi kuchunguzwa hapa nchini na mmoja wa madaktari wakubwa duniani.

Mwaka 1905 Robert Koch, Mjerumani, alikuja kutafuta chanzo cha homa iliyokuwa ikiwaangusha watu kwenye njia za misafara kutoka pwani kwenda bara. Kilosa ilikuwa kituo kwenye njia hizo, na reli ilikuwa bado haijafika.

Koch alizaliwa mwaka 1843 huko Clausthal. Alianza kama daktari wa kawaida wa mji mdogo, akifanya utafiti nyumbani kwa darubini aliyopewa na mkewe. Mwaka 1876 akaonyesha kijidudu kinacholeta kimeta.

Miaka miwili baadaye akageukia vidonda vinavyooza na kuua. Alithibitisha kwa wanyama kwamba vijidudu tofauti huleta maambukizi tofauti. Hapo ndipo elimu ya sepsisi ilipopata msingi: hali ambayo mwili, ukipambana na maambukizi, huanza kuharibu viungo vyake wenyewe.

Tarehe 24 Machi 1882 akatangaza kijidudu cha kifua kikuu. Ndiyo maana siku hiyo leo ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Halafu akateleza. Mwaka 1890 alitangaza tubakulini, dawa iliyotokana na vijidudu vya kifua kikuu. Mwanzoni hata hakueleza imetengenezwaje. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Sindano ile iliamsha kinga kwa nguvu, homa zikapanda, na wengine wakafa. Haikuponya. Iliyobaki ikawa ni kipimo cha kujua nani ameambukizwa.

Alipofika kwetu alikuwa na miaka zaidi ya 60. Aliwapasua papasi akakuta vijidudu vya homa hata ndani ya mayai yao. Maana yake, papasi anaweza kuzaliwa na ugonjwa bila kumuuma mgonjwa. Mwaka huohuo akapata Tuzo ya Nobel.

Baadaye, 1906 hadi 1907, alitibu malale visiwa vya Sese, Uganda, kwa dawa yenye aseniki. Baadhi ya wagonjwa walipofuka. Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Kwa nini tumkumbuke leo? Kwa sababu swali lake la kuamsha kinga limerudi, safari hii kwenye sepsisi.

Wagonjwa wengi wa sepsisi hawafi siku za kwanza. Dhoruba ikipita, kinga yao inachoka na kulala, na vijidudu vingine vinapata mwanya. Seli za kinga zina kitu kama breki, kinaitwa PD-1, na kwa wagonjwa hawa breki inakuwa imekanyagwa mno.

Dawa za kuachia breki hiyo zipo, na zinatibu aina kadhaa za saratani. James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobel mwaka 2018 kwa kazi iliyofungua njia hii. Kwa sepsisi zimejaribiwa kwa wagonjwa wachache, Marekani na Japani. Bado haijathibitishwa kwamba zinaokoa maisha.

Na kuna tahadhari ambayo Koch angeielewa haraka. Baadhi ya wagonjwa wa saratani waliopewa dawa hizi waliibukiwa na kifua kikuu kilichokuwa kimejificha mwilini. Kwa nchi kama yetu, yenye kifua kikuu kingi, hilo si jambo la kupuuza.

Kwa hiyo watafiti wanakwenda polepole, kwa vikundi vidogo, wakihesabu madhara kwanza. Berlin mwaka 1890 hilo halikufanyika.

Kwa sasa, mwenye homa kali, pumzi za haraka na kuchanganyikiwa baada ya kidonda au uzazi awahishwe hospitali. Antibayotiki ya mapema ndiyo inayookoa.