Mutisya Munge: Mchongaji Asiye na Saini

Uchongaji unapotajwa katika mijadala ya sanaa, aghalabu fikra zetu hukimbilia Ulaya. Humkumbuka Michelangelo, ambaye mnamo 1499 alikamilisha sanamu ya Bikira Maria akiwa amempakata Yesu aliyekufa, kisha akachonga jina lake kwenye ukanda uliopita kifuani mwa Maria. Alitaka ajulikane. Je, Ukambani hapakuwa na msanii mwenye ari kama hiyo?

Alikuwepo. Mutisya Munge alikuwa mwenyeji wa Wamunyu, katika njia itokayo Machakos kuelekea Kitui. Tangu awali alikuwa stadi wa kuchonga vifaa vya matumizi, kama walivyokuwa mafundi wengi wa Kikamba waliochonga miiko, bakora na vigoda vya miguu mitatu. Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918) vilimfikisha Tanganyika katika utumishi wa jeshi la Waingereza. Huko alikutana na Wazaramo, waliokuwa mabingwa wa kuchonga maumbo ya binadamu kwa mpingo. Wengi walirudi kutoka vita vile na majeraha. Wengine hawakurudi kabisa. Munge alirudi na ufundi.

Hapa ndipo ari yake inapodhihirika. Kigoda hupimwa na mkaaji, mwiko hupimwa na mpishi. Lakini sanamu hupimwa na jicho pekee. Munge alithubutu kuchonga kisichokuwa na kazi nyingine ila kutazamwa. Wazungu walinunua, jamaa na majirani wakajifunza kwake, na Wamunyu ikawa chimbuko la wachongaji. Kufikia miaka ya 1950, vinyago vya Wakamba viliuzwa Nairobi na Mombasa na kusafirishwa hadi Ulaya na Marekani.

Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa na gharama. Soko lilidai swara na Wamaasai wa kufanana, maelfu kwa maelfu, nayo miti ya mpingo na muhugu ikaadimika. Jina la mchongaji halikuhitajika. Hata kwetu Kikima, katika milima ya Mbooni, kinyago hupamba sebule bila yeyote kuuliza kilitoka mkononi mwa nani.

Michelangelo ameandikiwa riwaya na filamu. Munge angali anasubiri tamthilia yake, na sisi wanafunzi wa fasihi ndio wenye deni hilo. Jina ambalo hakulichonga kwenye mti, tulichonge sisi jukwaani.