Mtungaji Aliyenyimwa Jina Lake
Tuendapo senema huwajua waigizaji, wala hatuulizi ni nani aliyetunga maneno wayasemayo. Kwa hiyo twaona vema kumkumbuka Bwana Dalton Trumbo wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1905, ambaye ujanani alifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate mjini Los Angeles kwa miaka ipatayo minane, huku akijifunza kuandika.

Mwaka 1947 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge, akaulizwa kama alikuwa Mkomunisti. Alikataa kujibu. Mwaka 1950 akafungwa kwa kosa la kulidharau Bunge, na makampuni ya Hollywood yakamfungia milango. Lakini baba wa watoto watatu hawezi kukaa bure. Alitunga kwa siri, kwa ujira mdogo, na kazi zake zikatoka kwa majina ya wengine. Sisi twaiona dhuluma hiyo kuwa kubwa kuliko kifungo chenyewe. Mwaka 1957 tuzo ya Oscar ilitolewa kwa Robert Rich, jina la kujifichia tu! Mtungaji alikuwa Trumbo.

Jina lake lilirudi mwaka 1960 katika picha za "Exodus" na "Spartacus". Tuzo yake alikabidhiwa mwaka 1975, tayari mgonjwa. Akafariki mwaka 1976. Ile ya "Roman Holiday" ilipokewa na mjane wake mwaka 1993.