Ryangombe, Shujaa wa Bao na Mawindo

Mtu asimamapo Nengo, mjini Gisenyi, Ziwa Kivu likiwa karibu naye, huiona milima ya volkano imejipanga upande wa kaskazini. Wazee wa Rwanda waliigawa milima hiyo kwa ajili ya wafu. Nyiragongo, wenye moto tumboni, ulikuwa makao ya roho zilizotengwa. Karisimbi, wenye urefu wa mita 4,507 na baridi kali kileleni, ulikuwa makao ya Ryangombe na wafuasi wake. Je, ni nani huyu aliyepewa mlima mzima?

Masimulizi humtaja kuwa mwana wa Babinga na mkuu wa mashujaa waitwao imandwa, nayo humweka katika zama za mfalme Ruganzu Ndori. Ryangombe hakuwa mfalme. Sifa yake ilitokana na mambo mawili, nayo yote mawili yalimtia hasarani: bao na mawindo.

Babinga alipofariki, Mpumutumuchuni aliudai ukuu. Mahasimu hao hawakushika mikuki. Waliketi mbele ya igisoro, ndilo bao la Kinyarwanda lenye mashimo 32 na kete 64, ili bao liamue. Ryangombe akashindwa, akaondoka kwenda kuwinda nchi za mbali, na huko akazaa mwana, Binego. Kijana huyo alipokua alimtafuta baba yake, akamkuta tena baoni na hasimu yule yule. Binego akamwonyesha baba yake namna ya kucheza. Mpumutumuchuni akaghadhibika, kwani mtazamaji hana kauli katika bao. Binego akamchoma mkuki. Hivyo ukuu uliopotea kwa kete ulirudi kwa damu.

Kisha yakaja mawindo ya mwisho. Mama yake aliota ndoto mbaya, akamsihi asitoke, hata akaulaza mshipi wake mlangoni ili kumzuia. Ryangombe akauruka, akaenda zake na mbwa wake. Porini alikutana na msichana mwenye mtoto, aliyedai ngozi ya mbeleko. Alipewa ngozi moja baada ya nyingine, akazikataa. Mwishowe msichana yule akageuka nyati, akamchoma shujaa kwa pembe. Ryangombe akaanguka chini ya mti wa umuko, wenye maua mekundu, na wenzake wakafa pamoja naye.

Hata hivyo, hakusahauliwa. Katika ibada ya kubandwa, aliyeingizwa chamani mbele ya umuko alipewa jina la mmoja wa mashujaa hao. Kwa muda wa ibada alikuwa Binego, au Kagoro, au Ryangombe mwenyewe. Alivaa kama yeye, akanena kama yeye, na watu wakamheshimu kama yeye. Mtutsi, Mhutu na Mtwa wote waliruhusiwa kuingia. Mnyonge aliyeinamisha kichwa mchana kutwa aliweza usiku ule kunena kwa sauti ya shujaa.

Habari zake zilivuka mipaka. Burundi wana Kiranga, na Wanyamwezi na Wasumbwa wa Tanzania humwita Lyangombe. Wamisionari, waliofika Nyundo, karibu na Gisenyi, mwaka 1901, waliipinga ibada hiyo kwa nguvu, na wengi wakaiacha. Mwaka 1974 Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambamo kila mchezaji hujitwalia nafsi ya shujaa na kukabili mazimwi. Dunia ikaustaajabia kama jambo jipya. Kwao ulikuwa burudani. Kwa wafuasi wa Ryangombe yalikuwa mambo ya uhai na mauti. Lakini haja ya binadamu ni ile ile: kuwa, japo kwa usiku mmoja, mtu mkubwa kuliko alivyozaliwa.

Ryangombe alishindwa na hasimu baoni, akashindwa na nyati porini. Walioshindwa maishani ndio waliomtunza.