Maloba: Mchongaji aliyeuonyesha uhuru katika mwili uliofungwa

KWA Wazaramo wa Kisarawe na Kibaha, mkoani Pwani, desturi ya kale ilimtaka mwali afichwe ndani kabla ya kutolewa hadharani. Katika siku hizo alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, akakitunza kama mtoto wake.

Wazo lililo karibu na hilo, la uhai mpya unaotoka ndani ya kifungo, lilipewa umbo kubwa na Gregory Maloba, mchongaji ambaye kazi yake inaonekana hadi leo katikati ya jiji la Kampala.

Maloba alizaliwa Kenya mwaka 1922. Alisoma Makerere, ambako Margaret Trowell alikuwa ameanzisha mafunzo ya sanaa mwaka 1937, akawa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo. Mwaka 1941 alichonga Kifo, sanamu ya mti. Baadaye alisomea sanaa Uingereza, kisha akafundisha Makerere, ambako mchoraji Sam Ntiro wa Tanganyika naye alikuwa mwalimu.

Uganda ilipopata uhuru Oktoba 9, 1962, Maloba ndiye aliyebuni Mnara wa Uhuru. Ni sanamu yenye urefu wa takriban meta 6: mama aliyezungushiwa mikanda mwilini, akimwinua mtoto aliyenyoosha mikono juu. Mikanda ni ukoloni; mtoto ni taifa changa.

Uzito wa kazi hiyo umo katika jambo ambalo mchongaji hakulifanya. Hakuikata mikanda. Wachongaji wengi wa minara ya ukombozi huonyesha minyororo iliyokwisha kukatika. Maloba aliacha mtoto awe huru huku mwili uliomzaa ukiwa bado umefungwa.

Historia iliipa sanamu hiyo maana chungu. Mwaka 1966 katiba ya uhuru ya Uganda ilifutwa, na Januari 25, 1971 jeshi chini ya Idi Amin likatwaa madaraka. Waganda wengi waliuawa au kukimbilia uhamishoni.

Wakati huo Maloba alikwisha kurejea Kenya, ambako aliendelea kufundisha sanaa chuo kikuu jijini Nairobi. Alifariki dunia mwaka 2007. Mnara wake ungali umesimama, na kila Oktoba 9 Waganda wanapoadhimisha uhuru wao, mikanda ile bado imemzunguka mama yule.