Porter, aliyeikata kingamwili kwa utomvu wa papai

MKULIMA wa nyanda za chini za Embu au Meru aumwapo na bafe, tumaini lake kubwa hospitalini ni sindano ya kingamwili zilizotolewa katika damu ya farasi. Mara nyingi kingamwili hizo huwa zimekatwa: sehemu inayonasa sumu huhifadhiwa, na mkia, ambao huweza kumletea mgonjwa madhara, huondolewa. Aliyeeleza kwa nini jambo hilo lawezekana ni Mwingereza Rodney Robert Porter.

Porter alizaliwa Newton-le-Willows mnamo Oktoba 8, 1917. Alisomea Chuo Kikuu cha Liverpool, akatumikia jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akaenda Cambridge kuwa mwanafunzi wa Frederick Sanger. Huko ndiko alikoanza kuzikata kingamwili za sungura kwa papaini, kimeng'enya kilichomo katika utomvu wa papai bichi. Ni kitu kile kile kinacholainisha nyama ngumu jikoni. Hata hivyo, papaini aliyokuwa nayo haikuwa safi, na kazi ikakwama kwa miaka mingi.

Aliirudia jijini London mnamo 1958, sasa akiwa na papaini iliyosafishwa. Kila kingamwili ilikatika vipande vitatu. Viwili viliweza kunasa kitu kigeni. Cha tatu hakikuweza, bali kiliganda kuwa fuwele. Nacho, ilivyokuja kubainika, ndicho kinachoziita silaha nyingine za mwili.

Wakati huo, jijini New York, Gerald Edelman alikuwa akipitia njia nyingine. Mnamo 1959 alitumia ridaksheni, yaani kuvipa haidrojeni vifungo vya salfa vinavyoishikilia protini hadi vikaachana. Kingamwili ilitengana kuwa minyororo. Lakini kwa kuwa alitumia pia yurea nyingi, minyororo hiyo ilipoteza umbo, na pamoja nalo uwezo wa kunasa. Ungejuaje kazi ya kiungo ambacho tayari kimekufa?

Porter, aliyehamia Hospitali ya St Mary's, London, mnamo 1960, alitambua kwamba tatizo lilikuwa ukali wa dawa. Yeye na wenzake waliacha yurea, wakakata vile vifungo vichache vinavyounganisha mnyororo na mnyororo, kisha wakaitenganisha kwa asidi. Ikatoka minyororo miwili mizito na miwili myepesi, ikiyeyuka majini na ikiwa haijapoteza uwezo wake wote. Mnamo 1962 akatoa mchoro wa minyororo minne, ambao ungali katika vitabu vya biolojia.

Alihamia Oxford mnamo 1967, na mwaka wa 1972 yeye na Edelman wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Miaka iliyobaki aliitumia kuchunguza protini za damu zinazoamshwa na ule mkia wa kingamwili. Alifariki katika ajali ya gari mnamo Septemba 6, 1985, wiki chache kabla ya kustaafu.