Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (Enniskillen, Ireland ya Kaskazini, 28 Februari 1911 – Gloucester, Uingereza, 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji aliyefanya kazi nchini Uganda. Anajulikana hasa kwa kueleza saratani ya watoto inayoitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt.

Maisha

Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali. Alisomea udaktari katika Chuo cha Trinity, Dublin. Ombi lake la kwanza la kuhudumu katika makoloni lilikataliwa kwa sababu ya jicho hilo, lakini mwaka 1946 alipelekwa Uganda, kwanza Lira, halafu Hospitali ya Mulago, Kampala.

Ugunduzi

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Jambo hilo lilimshangaza, kwa kuwa jipu au uvimbe wa kawaida hukaa mahali pamoja. Baada ya muda mfupi, huko Jinja, alimwona msichana mwenye uso wa namna hiyohiyo. Alipompapasa tumboni alikuta uvimbe mwingine. Kumbukumbu za Mulago zilimwonyesha kwamba uvimbe wa taya, figo, ini na ovari, uliohesabiwa kama magonjwa mbalimbali, mara nyingi ulikuwa ugonjwa mmoja. Alichapisha habari hizo mwaka 1958.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000, wakiuliza hospitali kama zimeona watoto wa aina hiyo. Waligundua kuwa ugonjwa hutokea sehemu zenye joto na mvua, ambako pia kuna malaria nyingi.

Matokeo

Vipande vya uvimbe alivyopeleka London viliwezesha kugunduliwa kwa virusi vya Epstein-Barr mwaka 1964. Upasuaji haukuponya ugonjwa huo, lakini Burkitt alionyesha kuwa dawa zinaweza kuutibu.

Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini, Tanzania, walipewa klorokwini ili kupima uhusiano wa malaria na saratani hiyo. Wagonjwa walipungua, lakini walikuwa wameanza kupungua kabla ya jaribio, hivyo jibu halikuwa kamili.

Hadi leo, katika maeneo yenye malaria nyingi, taya lililovimba, meno yaliyolegea au jicho lililotokeza huweza kuwa dalili za kwanza za ugonjwa huo kwa mtoto.